Nimwachie tajiri gari lake Nakonde?

Barua za Njiani, na Mama Yadi

Shikamoo Mama Yadi,

Mimi ni dereva wa semi, umri wangu miaka 36, nina mke na watoto wawili, makazi Mbagala. Kwa tajiri niliye naye sasa nimefikisha miaka mitatu na miezi minne. Njia yangu ni Dar, Tunduma, Lubumbashi, na mara mojamoja Kolwezi. Mshahara wa kwenye mkataba ni shilingi 420,000 kwa mwezi. Mileji, yaani posho ya safari, ya Lubumbashi ni 900,000 kwenda na kurudi. Humo humo nile, nilipe paking, na kinachobaki ndicho mama watoto anachosubiri.

Januari tairi la tela lilipasuka karibu na Serenje. Nikaambiwa ni uzembe wangu. Februari nikakatwa 200,000, Machi nikakatwa tena 200,000, na hakuna karatasi niliyosaini. Aprili na Mei sijaona mshahara kabisa. Nikiuliza naambiwa mteja hajalipa. Pasipoti yangu wanakaa nayo ofisini, napewa siku ya kutoka na mzigo.

Sasa nimeitwa na kampuni nyingine. Mshahara 600,000, gari bado jipya. Wanataka niripoti tarehe 1 Julai. Nakuandikia nikiwa Kasumbalesa, mpakani mwa Congo na Zambia, upande wa Zambia, narudi na shaba. Wenzangu hapa wananiambia nisijisumbue na notisi: ukitoa tu, tajiri anakushusha kwenye gari siku hiyohiyo, unakaa mwezi mzima bila mileji, na mwisho hakulipi. Wanasema dawa yake ni kulipaki gari Nakonde, mpakani upande wa Zambia, funguo umwachie mlinzi wa paking, uvuke mpaka kwa miguu, upande basi, umpigie simu ukiwa Mbeya. Mmoja wao alifanya hivyo na sasa anaendesha kwingine. Roho yangu haitaki, lakini nimechoka kuonewa. Nifanyeje?

Dereva, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Neno la haraka nilikutumia kwa simu siku ileile barua yako ilipofika, maana jarida lisingekuwahi: usishuke kwenye gari Nakonde, rudi nalo mpaka yadi. Ukanijibu "sawa mama", na juzi nimefurahi kusikia umeshapita mizani ya Mpemba salama. Sasa tuzungumze kwa kituo.

Nilikuwa karani wa yadi Kurasini kwa miaka 22. Mafaili ya madereva yalikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu. Mileji nilihesabu mimi, barua za onyo nilichapa mimi, na dereva akiacha kazi, aliyeambiwa "mtafutie hesabu yake" nilikuwa mimi. Jioni nikirudi nyumbani nilikuwa mke wa dereva wa njia hiyohiyo ya Tunduma. Mambo haya nimeyaona ofisini na nimeyaona jikoni kwangu.

Wenzako wamekuchanganyia mambo mawili, kuacha kazi na kuacha gari. Kazi unaweza kuiacha, na hakuna polisi atakayekuja kukukamata kwa sababu hiyo. Lakini gari lenye shaba mgongoni, lakiri ya forodha kwenye kamba ya turubai na hati zenye jina lako kama dereva, hilo ni jambo lingine kabisa. Ukiliacha pale, kila kitakachopungua kuanzia dakika ile kitaandikwa kwa jina lako: mafuta yakinyonywa, betri ikichukuliwa, lakiri ikikutwa imekatwa. Mlinzi wa paking atasema alipewa funguo tu, hakuhesabiwa kitu. Na hapo uko nchi ya watu.

Kijana wetu mmoja, dereva mzuri kabisa, aliwahi kuacha gari Makambako. Hakuwa mwizi. Alikuwa amenyimwa ruhusa ya kwenda kumzika baba yake mdogo, akapandwa na uchungu. Akalifunga gari vizuri, funguo akampa mama ntilie aliyemwamini, akapanda basi la Njombe. Asubuhi yake tangi lilikuwa na lita kama arobaini tu, na tairi mbili za spea hazipo. Ofisi ikafungua jalada polisi, na jina lililoandikwa lilikuwa lake. Mimi ndiye niliyepewa simu nimpigie mama yake. Sijasahau sauti ya yule mama akiniuliza, "Mwanangu ameiba nini?" Baada ya miezi saba kijana alikuja yadi kuomba cheti cha utumishi apate kazi kwingine. Alikuwa anatudai mshahara, alikuwa anatudai likizo, na haki yote ilikuwa upande wake mpaka usiku ule wa Makambako. Hakuthubutu hata kutaja hayo madai. Na aliyemnyima ruhusa ya kuzika, hakuna aliyemuuliza chochote. Hilo linaniuma mpaka leo.

Huyo mwenzako aliyeacha gari na sasa anaendesha kwingine, muulize swali moja: alilipwa alichokuwa anadai?

Sasa notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, notisi yake ni siku zisizopungua 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, lakini ukiwa mrefu kwako lazima uwe mrefu vilevile kwa tajiri. Hawezi kujiandikia wiki nne yeye na kukuandikia wewe miezi mitatu. Notisi iwe kwa maandishi, iwe na sababu na tarehe. Usiitoe ukiwa likizo, wala usihesabu siku za likizo ndani ya zile 28. Na kabla ya yote fungua mkataba wako uone kama ni wa muda maalumu, tuseme mwaka mmoja mmoja au miwili miwili. Ukiwa hivyo, notisi peke yake haitoshi: mkataba wa namna hiyo unakatishwa kwa makubaliano, au kwa sababu mwajiri ameuvunja kwa jambo zito. Kutomlipa mtu mshahara miezi miwili, kwangu mimi, ni jambo zito.

Ukiondoka bila notisi unapoteza nini? Wengi wanaogopa jela, wengine wanadhani hawapotezi kitu. Ukweli ni kwamba mwajiri anaruhusiwa kukata, kwenye fedha zako za mwisho, kile ambacho ungelipwa kama ungezifanyia kazi siku za notisi. Piga hesabu yako mwenyewe. Aprili na Mei unamdai 840,000. Ukikimbia, anapata haki ya kukata karibu 420,000. Yaani mtu aliyekukosea, unamsamehe nusu ya deni kwa mkono wako. Kwa mtu anayelala kwenye kabini usiku wa baridi ya Mpika ili watoto waende shule, mimi siwezi kumwambia afanye hivyo.

Hofu yenu ya kushushwa kwenye gari naielewa, na sitakudanganya kwamba haitokei. Hutokea sana. Tajiri akisoma barua anasema "acha funguo hapo". Lakini sikiliza kitu ambacho madereva wengi hawakijui: akikushusha, siku za notisi bado ni zake kulipa. Sheria inamruhusu akulipe mshahara wa kipindi hicho badala ya kukufanyisha kazi. Haimruhusu akushushe na asikulipe. Mileji hutaipata kwa kuwa husafiri, na hapo ndipo maumivu yalipo, maana najua mshahara wa madereva wengi wenu ni jina tu, chakula kinatoka kwenye mileji. Kwa hiyo weka akiba ya mwezi mmoja kabla hujaandika barua. Kama mileji ya safari hii imebakiza kitu, usiimalize.

Palikuwa na mzee mmoja wa Tanga pale yadi. Alitoa notisi, tajiri akakasirika, akampa gari lake mtu mwingine mchana uleule. Wote tulidhani mzee ataenda zake. Kesho yake saa moja asubuhi tukamkuta amekaa kwenye benchi karibu na bomba la maji, ameoga, amevaa shati safi. Akaja mezani kwangu akaomba daftari la mahudhurio, akasaini. Saa kumi jioni akasaini tena, akaenda nyumbani. Alifanya hivyo siku zote za kazi, mwezi mzima. Hakugombana na mtu. Mafundi wakimwita awasaidie kufunga tairi, alikwenda. Siku ya mwisho tajiri alitaka kusema mzee alitoroka kazini, nikamwekea daftari mbele. Alilipwa mpaka senti ya mwisho, na mimi ndiye niliyemhesabia. Ukishushwa kwenye gari, mwanangu, nenda ukasaini. Wakikukatalia daftari, watumie ujumbe kila asubuhi: "Nipo yadi, nasubiri kazi." Ujumbe una saa na tarehe yake.

Kuna mtego mwingine ambao makarani tunaujua kuliko mawakili. Ukitoa notisi halafu ukapakiwa mzigo wa Lubumbashi kesho yake, siku 28 zinaweza kwisha ukiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa. Tarehe yako ya mwisho imefika, gari liko Congo, na wewe huwezi kuliacha pale kwa sababu zilezile nilizokwambia juu. Kampuni mpya inakusubiri, ya zamani inakwambia "si ulikubali safari?" Kwa hiyo notisi itoe ukiwa umerudi, umeshusha mzigo, karatasi ya mpokeaji imesainiwa, na uiandike wazi kwamba uko tayari kwa safari ambazo zitakamilika kabla ya siku ya mwisho. Safari za Morogoro, Dodoma, Tanga, hata Tunduma na kurudi. Hiyo si kugoma. Ni hesabu ya siku.

Tarehe 1 Julai basi, ukitoa notisi Juni ikiwa imekwenda, hutaiwahi. Wapigie kampuni mpya uwaeleze hivyo hivyo: nina notisi ya siku 28, nitaripoti tarehe fulani. Unaogopa watampa mtu mwingine. Inawezekana. Lakini mimi nimekaa upande ule wa meza unapoajiri dereva, na nakwambia tulipopata mtu aliyesema "nisubirini nikabidhi gari la watu", tulimsubiri, kwa sababu tulijua siku moja atakuwa na gari letu. Matajiri wana makundi yao ya WhatsApp. Picha ya dereva aliyetelekeza gari inazunguka kuliko ya mgeni aliyepotea. Kama kampuni mpya inakusukuma uache gari la mwenzao njiani, jiulize watakavyokutendea wewe. Waweza pia kumwomba tajiri wako wa sasa mkubaliane siku chache zaidi, wiki mbili kwa mfano. Akikubali, aandike na asaini. Neno la mdomo la "nenda tu mwanangu, hakuna shida" nimeliona likigeuka kuwa "alitoroka" kabla ya mwisho wa mwezi.

Tairi. Hapa umeonewa wazi. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa hasara mpaka awe amekuonyesha kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi alivyokipata, akakupa nafasi ya kupinga, na kosa liwe lako kweli. Hata hayo yote yakitimia, jumla ya makato hayo haitakiwi kuzidi robo ya mshahara. Robo ya 420,000 ni 105,000. Wewe umekatwa 200,000 mara mbili. Na tairi linalopasuka Serenje kwenye tela ambalo pengine limeshavumilia matuta yote ya Zambia, nani amethibitisha ni uzembe? Andika: nadai nirejeshewe 400,000. Usiseme "naomba".

Pasipoti ni mali ya Serikali, imekabidhiwa wewe. Haiwezi kuwa rehani ya tajiri. Safari hii ukirudi usiirudishe ofisini. Wakikuuliza, waambie kwa adabu utakuja nayo siku ya kupakia. Fanya vivyo hivyo na cheti chako cha homa ya manjano na leseni.

Utaniuliza: kwa miezi miwili bila mshahara, kwa nini mimi ndiye nimpe yeye siku 28? Swali hilo ni la haki. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kuifanya kazi isivumilike mpaka mtu akaondoka, na hapo mfanyakazi akahesabiwa kuwa ameachishwa. Njia hiyo ipo. Lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa juu yako, na shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile mnayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu uondoke. Madai mengine, kama mishahara ambayo hujalipwa, ni siku 60. Unajaza fomu yao namba 1. Nimeona madereva waliokuwa na haki kama mlima wakikataliwa kwa sababu walikuja siku ya tisini, baada ya kuahidiwa "njoo Ijumaa" wiki kumi mfululizo. Mimi ningekuwa mama yako wa kukuzaa ningekwambia toa notisi, fanya siku zako, na wakati huohuo weka madai yako yote kwenye barua. Ukifika mbele ya msuluhishi ukiwa na barua yenye muhuri, gari lililokabidhiwa na daftari lililosainiwa, tajiri ndiye atakayejieleza.

Barua usiiandike ndefu. Nimeichapa mara nyingi, naijua. Andika hivi:

"Mimi, dereva wa gari namba (ya kichwa) na tela namba (ya tela), natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi kuanzia leo, tarehe fulani. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe fulani. Sababu ni kutolipwa mshahara wa Aprili na Mei, na kukatwa shilingi 400,000 za tairi bila maandishi wala kusikilizwa. Niko tayari kufanya kazi kipindi chote cha notisi kwa safari zitakazokamilika kabla ya tarehe hiyo. Siku ya mwisho nadai nilipwe mishahara yangu, fedha nilizokatwa na likizo yangu, na nipewe cheti cha utumishi."

Toa nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine isainiwe na igongwe muhuri wa kupokelewa, uende nayo nyumbani. Karani akikataa kupokea, na wapo wanaoagizwa wakatae, usimgombeze. Itume kwa posta kwa rejesta, utunze risiti, kisha piga picha barua uitume kwenye simu ya tajiri. Kuhusu likizo: ya mzunguko huu ambao haujakamilika unahesabiwa siku 1 kwa kila siku 13 ulizofanya kazi, kwa hiyo miezi yako minne ina siku zake kadhaa. Likizo za miaka ya nyuma ambazo ulinyamaza usizichukue zina ubishi, usizitie kwenye bajeti ya kodi ya nyumba. Na pitia NSSF uone kama michango yako ilikuwa inafika kweli. Yule anayesema "mteja hajalipa" kila mwezi, mara nyingi na huko hajapeleka.

Siku ya kukabidhi gari ndiyo siku kubwa, kubwa kuliko ya barua. Usikabidhi jioni watu wakiwa wanafunga ofisi. Nenda asubuhi. Mwite fundi mkuu na mlinzi, mzunguke gari pamoja. Andika kilometa zilizopo kwenye dashibodi, pima mafuta kwa kijiti mbele yao, andika namba za matairi moja moja pamoja na spea, turubai, mikanda na minyororo, jeki, spana ya magurudumu, kizimamoto, pembetatu, kadi ya mafuta, laini ya simu ya kampuni. Piga picha kila upande, na kabini ikiwa imefagiliwa. Kama kuna kibonyeo cha zamani kwenye bampa, kiandike kwamba ni cha zamani. Wasaini wote, kila mmoja na jina lake. Nimeona dereva akidaiwa turubai la milioni mbili miezi mitatu baada ya kuondoka, na karatasi moja iliyokunjwa kwenye pochi ya mke wake ikammalizia kesi kabla ya chai ya saa nne.

Kama una utingo, mwambie mapema. Yeye ndiye wa kwanza kusahauliwa, na mara nyingi hana hata nauli ya kurudi kwao.

Mileji ya safari hii usiitie hasarani. Nijulishe siku utakayokabidhi.

Shikamoo mama,

Naendesha Fuso, nabeba nyanya kutoka Ilula mpaka soko la Ilala. Sina mkataba, nalipwa kila Jumamosi, huu ni mwezi wa tatu. Breki zimelegea, nimemwambia bosi mara tatu, anasema "malizia msimu kwanza". Nataka kuacha. Jamaa wananiambia asiye na mkataba hatoi notisi. Halafu mzigo umeshapakiwa, natakiwa kushuka mteremko wa Kitonga usiku huu. Niache vipi?

Deiwaka, Ilula

Marahaba, baba. Hili nalo nimelijibu kwa simu kabla ya magharibi, nikamshukuru Mungu kwamba ulipokea.

Mkataba unao, ila hauna karatasi. Umefanya kazi, umelipwa, huo ni mkataba, na mkifika mbele ya sheria bosi akashindwa kuleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlivyokubaliana ni wake. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, notisi ni siku 4. Ziandike hata kwenye karatasi ya daftari la shule, tia tarehe na sababu, na sababu iwe breki.

Lakini notisi ni ya kazi. Gari bovu halina notisi. Hakuna siku 4 za kuendelea kuendesha Fuso isiyokamata breki. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu barabarani, na wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani. Ile miteremko na kona za Kitonga unazijua kuliko mimi, na unajua ni nani wanaopanda kutoka chini usiku: mabasi yaliyojaa. Paki hapo hapo Ilula, mtumie bosi ujumbe kwamba gari lipo, mzigo upo, wewe upo, na hutashuka mpaka fundi aje. Kaa na gari. Nyanya zikiharibika, zitaharibika. Hapo hujatelekeza kitu, na hata ukiamua kuondoka, siku zako 4 zitahesabika ukiwa umekaa pembeni ya gari lake.

Marehemu mume wangu aliwahi kupaki pale pale Ilula siku mbili kwa ajili ya breki, na gari lilikuwa la yadi yetu. Simu za tajiri nilikuwa nazipokea mimi. Alinitukana, akasema nimwambie mume wangu kazi hana. Nikampigia mume wangu nikamweleza neno kwa neno, akanijibu, "Mwambie nimesikia, nasubiri fundi." Siku ya tatu fundi alifika kutoka Iringa. Saa tisa alasiri mume wangu akanipigia tena, safari hii kutoka Ruaha Mbuyuni, anakula, ameshashuka.